Dokumentesheni ya kuunganisha Java na databesi: isome ipi, na uipate wapi?

Swali nililoletewa, nimelifupisha kidogo:

"Assalaam aleikum maalim. Nasoma IT mwaka wa pili hapa Unguja, sa hivi niko likizo nyumbani Wete. Namtengenezea ami yangu programu ya kuandika karafuu anazopokea kwa wakulima, jina la mkulima, kijiji, kilo, bei, tarehe. Natumia Java na NetBeans, databesi ni MySQL ya kwenye XAMPP, laptopu ni Ubuntu. Kila nikigugo napata majibu ya zamani na kila mtu anasema lake. Mwalimu anasema nisome dokumentesheni, lakini ipi? Nimefungua ya Oracle nikakuta Connection ni intafesi tu, ndani hamna kitu. Na sa hivi nimekwama, inaniambia server time zone value 'EAT' is unrecognized. Bando nalo ndo hilo linakwisha. Nianzie wapi?"

Waaleikum salaam mdogo wangu. Swali zuri, na tena wengi wanalo ila wanaona haya kuuliza, wanabaki kukopi kodi za watu mpaka siku moja kitu kinakataa na hawajui wapi pa kushika. Mwalimu wako kasema kweli ila kasema nusu, kwa sababu hiyo dokumentesheni sio moja, ni tatu. Moja ni ya Java yenyewe, ya pili ya draiva, yani kile kipande cha programu kinachoiunganisha Java na databesi, ya tatu ya databesi. Kila moja imeandikwa na watu wengine na kila moja ina namba yake ya toleo. Kabla hujafungua kitu chochote jiulize hili swali langu ni la nani katika hao watatu, maana ukikosea hapo ni kama umeenda Darajani kuuliza bei ya changu kwa muuza vitenge, atakujibu kwa adabu kabisa lakini samaki hupati.

Tuanze na hiyo Connection tupu iliyokushangaza. Si kosa, ndivyo ilivyo. JDBC, yani utaratibu wa Java wa kuongea na databesi, iliingia ndani ya Java mwaka 1997 na JDK 1.1, na kazi yake toka siku hiyo ni kuweka makubaliano tu, yani Java inasema kila draiva lazima iwe na Connection, iwe na Statement ya kutumia SQL, iwe na ResultSet ya matokeo, na kila kimoja kifanye hivi na hivi. Kodi yenyewe ya kuongea na MySQL haimo ndani ya Java, imo ndani ya lile faili la jar la draiva. Kwa hiyo ukurasa wa Oracle unakupa sheria ya mchezo, na hiyo unaihitaji, ila usitarajie ukwambie MySQL inataka nini.

Ukurasa wenyewe upo docs.oracle.com, unaingia kwenye API (orodha ya klasi na metodi) ya toleo lako la Java halafu unatafuta moduli inayoitwa java.sql, ndani yake kuna pakeji mbili, java.sql na javax.sql. Angalia sana namba iliyo kwenye anwani juu pale, kama laptopu yako ina Java 17 basi iwe 17, maana gugo ina tabia ya kukutupa kwenye ya Java 7 au 8 bila kukwambia. Andika java -version kwenye terminali uone una ngapi. Na ukifika usikimbilie Connection, fungua kwanza ukurasa wa mwanzo wa pakeji ya java.sql, watu wanaupita kama hawauoni, kumbe pale ndo pameandikwa kila toleo la JDBC limeongeza kitu gani. JDBC 4.0 ilikuja na Java 6 mwaka 2006, 4.2 na Java 8 mwaka 2014, 4.3 na Java 9 mwaka 2017. Ukijua hizo tu, nusu ya yale majibu yanayogombana kwenye gugo utaweza kuyapanga mwenyewe nani wa zamani nani wa sasa.

Mfano Class.forName. Utaona watu wanakwambia lazima uiandike kabla ya kuunganisha. Toka JDBC 4.0 draiva inajitambulisha yenyewe jar ikiwa kwenye classpath, yani mahali Java inapotafuta klasi, kwa hiyo kwa programu ya kawaida kama yako huo mstari hauna kazi. Ukiona mtu ameandika com.mysql.jdbc.Driver ujue hiyo ni klasi ya zamani, toka Connector/J 8 inaitwa com.mysql.cj.jdbc.Driver. Na ukikuta sun.jdbc.odbc funga kabisa huo ukurasa, lile daraja la ODBC lilitolewa kwenye Java 8.

Sasa namna ya kuisoma Javadoc, yani hizo kurasa za API ya Java, maana kuifungua si kuisoma. Watu wanaangalia jina la metodi na mabano yake wanaondoka. Wewe shuka chini usome Throws na usome Since. Ukiona kwenye Throws pameandikwa SQLFeatureNotSupportedException, hapo Java inakwambia kwa upole kwamba hiki kitu draiva nyengine hazina, kwa hiyo ondoka hapa nenda kasome manuali ya draiva yako. Na ukikutana na neno hint vile vile. Chukua setFetchSize, Javadoc inasema ni hint kwa draiva ya mistari mingapi iletwe kwa mkupuo. Mtu anasoma hapo anaweka 100 anafikiri kamaliza. Kumbe draiva ya MySQL kwa kawaida yake inabeba matokeo yote inayatia kwenye memori, hiyo 100 yako inaipuuza, ukitaka ilete mmoja mmoja unaweka Integer.MIN_VALUE, kitu ambacho kwa akili ya kawaida huwezi kukibuni. Ya PostgreSQL nayo inakubali fetch size lakini mpaka uzime autocommit kwanza, yani ule utaratibu wa kuhifadhi kila amri papo hapo. Metodi ni hiyo hiyo moja, Javadoc ni hiyo hiyo, na tabia mbili tofauti kabisa, na ukweli wote umo kwenye manuali za draiva. Kwa karafuu za ami hutofika huko, mistari elfu chache hiyo memori haitoisikia hata, nimekupa ili uone kwa nini nnasema tatu na sio moja.

Haya tuje kwenye EAT, hilo ndo linalokuuma. Hapa tatizo si la Java na wala si la SQL yako, ni la draiva, kwa hiyo jibu limo kwenye Connector/J Developer Guide iliyopo dev.mysql.com, kwenye sehemu ya configuration properties, kule kwenye mambo ya tarehe na saa. Kinachotokea ni hivi, draiva ikiungana inaiuliza sava wewe upo kwenye majira gani, sava inachukua jina la kifupi kutoka kwenye laptopu, na sie huku laptopu inajiita EAT, yani majira ya Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya UTC. Draiva ikitazama kwenye orodha yake hiyo EAT haiielewi, basi inagoma kabisa kuliko kubahatisha tarehe za watu. Na mie naona imefanya vizuri kugoma, tarehe iliyosogea saa tatu kimya kimya ni balaa, karafuu zilizopokelewa usiku zitaonekana za siku nyengine na ami yako atagombana na wakulima bure.

Dawa zipo mbili. Ya haraka ni kuongeza kwenye anwani ya kuungia, baada ya jina la databesi, ?serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam, na usihangaike kutafuta Africa/Zanzibar, haimo kwenye orodha, nshaona watu wanaiandika kwa mapenzi ya nyumbani halafu wanashangaa. Dawa ya pili, na hii ndo nnayokushauri, badilisha jar. Kuanzia Connector/J 8.0.23 hiyo propati imepewa jina la connectionTimeZone, la zamani bado linakubalika, na ukiiacha bila kuweka kitu draiva inachukua majira ya Java yenyewe, haiendi tena kuiuliza sava. Maana yake hiyo erori yako, kama hujachezea chochote kuhusu saa, inanambia bila hata kuiona laptopu yako kwamba jar uliyonayo ni ya kabla ya 8.0.23, pengine uliichukua kwenye zip ya mtu au ilikuja na mradi wa darasani. Kama unatumia Maven, ile zana ya kukushushia jar za mradi, jina nalo limebadilika, zamani ilikuwa mysql:mysql-connector-java, toka 8.0.31 ni com.mysql:mysql-connector-j, kwa hiyo ukiendelea na jina la zamani utabaki hapo hapo unafikiri hakuna jipya lililotoka.

Lakini ngoja, kuna jambo jengine kwenye maneno yako. Umesema MySQL ya kwenye XAMPP, ule mkusanyiko wa programu za sava unaowekwa kwa pamoja. Hiyo si MySQL mdogo wangu, ni MariaDB. XAMPP ilihama miaka mingi, ila kwenye ile paneli yake bado pameandikwa MySQL na ndo maana kila mtu anaita hivyo. Fungua phpMyAdmin uandike SELECT VERSION(). Utaliona neno MariaDB lenyewe hapo. Zina asili moja na kwa mambo ya kawaida SQL yako itafanya kazi pote, hata draiva ya MySQL mara nyingi inaelewana nayo, ila zimeshaachana njia na kila mwaka zinazidi kuachana, kwa hiyo ukisoma manuali ya MySQL 8 halafu ukaandika kitu kikakataliwa, kosa linaweza lisiwe lako wala la manuali. MariaDB wana dokumentesheni yao na draiva yao, nayo inaitwa Connector/J vile vile, na anwani yake inaanza jdbc:mariadb: badala ya jdbc:mysql:. Kwako wewe nnaona ni bora uchague upande mmoja. Ama uweke draiva ya MariaDB usome vitabu vya MariaDB, ama uitoe XAMPP uweke MySQL yenyewe kutoka Ubuntu. Mie ningechukua ya kwanza, kazi chache.

Na hapo tumeshaingia kwenye dokumentesheni ya tatu, ya databesi. Hii unaihitaji kwa mambo mawili, SQL yenyewe jinsi databesi yako inavyoitaka, na namba za makosa. Ukishika SQLException usichapishe getMessage peke yake. Ina getErrorCode, hiyo ni namba ya databesi yako, na ina getSQLState, herufi tano zinazofuata utaratibu wa pamoja. MySQL na MariaDB wakikupa 1045 ujue jina au pasiwedi imekataliwa, 1062 umeingiza kitu ambacho tayari kipo na kolamu yake haitaki kurudiwa, mfano namba ya mkulima. Ukihamia PostgreSQL hilo la kurudia utaliona kama 23505, na orodha yao nzima ipo Appendix A ya manuali yao, nzuri sana ile, imenyooka. Kugugo namba kunaleta jibu haraka kuliko kugugo sentensi ndefu yenye jina la databesi yako na ya ami yako ndani.

Kuna erori moja inaitwa Communications link failure, hii wengi wanaichukulia kama ugonjwa mmoja, kumbe ni homa tu. Usisome mstari wa juu, shuka mpaka Caused by ya chini kabisa. Ikisema Connection refused basi mara nyingi sava haijawashwa au namba ya poti sio, MySQL na MariaDB wanatumia 3306. Na No suitable driver found mara nyingi ni vitu viwili, jar haimo kwenye classpath au anwani umeikosea herufi mwanzoni. Basi.

Turudi kwenye Javadoc kidogo maana kuna ukurasa mmoja nnakutaka uusome wote neno kwa neno, PreparedStatement. Najua sa hivi unaandika SQL kwa kuunganisha stringi na alama ya kujumlisha, wote wanaanza hivyo na video zote za mtandaoni zinafundisha hivyo. Sasa siku mkulima akitaja makaazi yake Ng'ambo, ile koma ya juu katikati ya jina itaifunga stringi yako kabla ya wakati na SQL nzima itavunjika. Na sie kwa Kiswahili chetu ng' tunazo kila mahali, huwezi kuwaambia watu wasiandike ng'ombe. Ukiweka alama ya kuuliza halafu setString, draiva inalimaliza hilo na vile vile unafunga mlango kwa mtu anayetaka kukuchezea databesi kwa kuandika SQL kwenye kisanduku cha jina. Kumbuka zinahesabiwa kuanzia 1 sio 0, na kolamu za ResultSet nazo hivyo hivyo.

Ukiwa hapo hapo soma getInt kwenye ResultSet. Kolamu ikiwa NULL inakurudishia 0, haikupi eksepsheni wala nini, kwa hiyo mkulima ambaye kilo zake hazijaandikwa na mkulima aliyeleta sifuri wanafanana, mpaka uite wasNull. Na bei usiiweke kwenye double hata kwa dawa, tumia DECIMAL kwenye databesi na BigDecimal kwenye Java, kilo pia kama mzani unaonyesha nukta.

Tarehe je? LocalDate unaweza kuituma moja kwa moja kwa setObject toka JDBC 4.2, lakini ukitafuta kwenye Javadoc ya setObject hutoliona limeelezwa vizuri. Hapo ndo inapoingia karatasi ya nne, kama unataka kuiita hivyo, spesifikesheni ya JDBC yenyewe, JSR 221, PDF unaipata jcp.org. Hii imeandikwa khasa kwa watu wanaotengeneza draiva, ni kavu, usiisome kutoka mwanzo hadi mwisho utajichosha. Nenda Appendix B tu, kuna majedwali ya aina gani ya Java inakwenda na aina gani ya SQL. Mie hiyo appendix peke yake ndo nnayoirudia, mengine nikihitaji natafuta.

Yale masomo ya The Java Tutorials ya Oracle, sehemu ya JDBC, soma, ni mazuri kwa kuanzia. Wenyewe wameandika juu kwamba yametungwa kwa JDK 8 na hawayaendelezi, ila JDBC haijabadilika kiasi cha kukudhuru. Ruka ya RowSet, hutoihitaji. Hibernate na JPA, vile vitu vya juu vinavyokuandikia SQL, waache mpaka uelewe hivi vya chini, maana siku ikigoma erori inatoka huko huko chini. Na puli ya konekisheni kama HikariCP, yani akiba ya konekisheni zilizofunguliwa tayari, huihitaji, programu ya mezani anayoitumia mtu mmoja fungua konekisheni, fanya kazi, funga kwa try yenye mabano, ambayo JDBC inaikubali toka Java 7.

Mambo ya bando sasa. Hivi vyote unaweza kuvishusha vikakaa kwenye laptopu, na ulitakiwa uvishushe chuoni kabla hujapanda boti kurudi Pemba, ila bado hujachelewa, tafuta mwenye Wi-Fi siku moja tu. Oracle wanatoa dokumentesheni nzima ya JDK kama zip moja, ukishaishusha NetBeans unaionyesha kwenye Java Platforms, tabu ya Javadoc, na kuanzia hapo ukiweka kishale juu ya metodi unaweza kuyaona maelezo yake bila intaneti. Connector/J Developer Guide ipo kwa PDF. Na vengine tayari unavyo hujui tu. Andika javap java.sql.PreparedStatement kwenye terminali, inakutolea metodi zote, hiyo inakuja na JDK. Ndani ya folda ya JDK, kwenye lib, kama umeiweka ile kamili kuna src.zip, fungua humo java.sql na utakuta maelezo yale yale ya Javadoc yameandikwa juu ya kila metodi, kwenye Ubuntu mara nyengine inakuwa pakeji ya pembeni inaishia na -source unaiongeza kwa apt. Draiva nazo, kama unatumia Maven, mvn dependency:sources inakushushia kodi ya draiva yenyewe, na hapo ukibofya Connection huku programu inaenda kwenye dibaga utaona ile intafesi uliyosema tupu imejazwa na nani.

Kitu cha mwisho cha kuiuliza programu yenyewe. Ukishaungana ita getMetaData kwenye konekisheni, halafu chapisha getDriverName, getDriverVersion, getDatabaseProductVersion na getJDBCMajorVersion. Mistari michache tu, iweke mwanzo wa programu yako iandike kwenye logi kila ikiwaka. Siku ami atakapokupigia simu uko dakhalia Unguja anakwambia imekataa, utamwambia nisomee mistari ya juu, na utajua manuali ipi ya kufungua na toleo lipi.

Kwa hiyo leo anza na SELECT VERSION(), kisha badilisha jar, kisha jaribu kuunganisha bila kuongeza kitu kingine chochote kwenye anwani. Ikigoma tena niandikie jina kamili la faili la jar pamoja na namba zake, hayo matokeo ya version, anwani yako ya kuungia, na erori yote kuanzia juu mpaka Caused by ya mwisho, usinikatie. Pasiwedi ifute kwanza.